Mlinzi wa Karoti za Mawe

Alikuwa akilamba mawe. Nianze hapo, maana aliyemwona hata mara moja atakumbuka hilo kabla ya jina lake. Alichukua kipande, akakipitisha juu ya ulimi, akakigeuza juani, akatema pembeni, kisha akakwambia ni jiwe gani na limetoka mita ya ngapi. Jiwe likiwa kavu lina rangi ya vumbi tu. Likilowa ndipo linaonyesha kijani cha shaba na weusi wa kobalti. Kulikuwa na ndoo ya maji mlangoni kwa kazi hiyohiyo, lakini ndoo aliwaachia wageni.

Kolwezi tunaita karoti vile vipande vya mawe, virefu na vya mviringo, ambavyo mashine ya kutoboa huvitoa ardhini ili watu wajue shaba iko wapi na inaanzia kina gani. Karoti hupangwa katika masanduku marefu ya mbao, kila sanduku na namba yake, na masanduku hutunzwa bandani. Yeye alikuwa mlinzi wa banda hilo. Aliianza kazi enzi kampuni ya serikali ilipokuwa bado inalipa watu na kuwapa unga na hospitali. Akaendelea ilipoacha kulipa. Na alikuwa bado yupo siku wenye kampuni mpya walipokuja na magari yao meupe. Mtaani, waliomheshimu walimwita Tata Karoti. Wasiomheshimu pia.

"Tata Karoti, leo umekula mawe na mboga ya sombe ao na samaki?" vijana walimuuliza akipita na baiskeli.

"Na bukari," alijibu bila kusimama, akimaanisha ugali. "Lakini bukari ngumu. Si kama ya kwenu, ile batu banakunywaka na kikombe."

Nilifanya kazi kwake msimu mmoja, nilipomaliza sekondari na sikujua la kufanya na cheti changu. Nilibeba masanduku. Tangu hapo nimezunguka sana: Tenke, Nzilo, Mutshatsha, hadi ng'ambo ya mpaka, nikiuza hiki na kile, na hakuna mahali nilipokaa hadi mwenye nyumba akazoea sura yangu. Lakini kila niliporudi Kolwezi nilipitia bandani kabla ya kwenda nyumbani. Mji wetu una tabia ya kuhama ukiwa umelala palepale. Mlima uliouacha upande wa kushoto wa barabara unaukuta shimo, na barabara yenyewe imepelekwa kwingine. Yeye nilimkuta pale nilipomwacha, na kofia ileile.

Banda lilikuwa na sheria moja: karoti hairukwi. Safu zilipopangwa chini kwa ajili ya kusomwa, hata kama safu ilitoka ukuta hadi ukuta, ulizunguka. Niliruka siku yangu ya kwanza. Alinirudisha mlangoni.

"Ingia tena," alisema. "Kuko batu balitokwa jasho juu ya ile jiwe. Weye unaipitisha katikati ya miguu?"

Nikaingia tena, nikazunguka. Wiki hiyohiyo alikuja mkuu wa idara, mtu wa viatu vya kung'aa, akaruka safu mbili kwa hatua moja. Nilingoja kuona. Mzee hakubadilisha hata sauti. "Patron, rudia mulango." Mkuu alicheka, akatutazama kama anayetafuta wa kucheka naye, kisha akarudi mlangoni.

Sisemi alikuwa mtu mwepesi. Baiskeli yake aliazimisha hata mlevi, lakini ufunguo wa banda hakumpa mtu, na siku mke wake alipougua homa alikwenda nao hospitali, ukining'inia shingoni, na wageni wa ofisini wakasubiri nje hadi jioni. Neno la kuomba radhi lilimshinda kabisa. Mara moja alinigombeza mbele ya watu kwamba nimekosea namba za masanduku, na kosa lilikuwa lake. Kesho yake hakusema kitu. Aliniwekea juu ya kiti changu kipande kikubwa cha kikanda, ile keki ya mizizi na karanga aliyouza mke wake karibu na kituo, akaenda zake kufagia. Nilikula, tukaendelea na kazi.

Nyumba yake ilivuja. Hilo lilinishangaza, maana banda halikuvuja. Kila bati zuri alilopata lilikwenda kwenye mawe. Mke wake alikuwa mwanamke wa maneno, na alisema mbele ya yeyote: "Mi niliolewa na mwanaume, lakini yeye alioa sanduku." Mzee alicheka kuliko wote.

Ni mke wake huyo aliyenieleza habari ya kuni.

Katika miaka ile kampuni ya serikali ilipoanguka, mji mzima ulijitafuna. Watu walibeba nyaya, mabati, milango ya ofisi, reli. Silaumu mtu, nilikuwepo na nilikuwa na njaa. Mzee alilala bandani na panga ili masanduku yasibebwe. Lakini ulifika msimu wa mvua ambao nyumbani hapakuwa na makaa wala pesa ya makaa, unga uliopatikana kwa mapadri ulikuwa umekaa siku mbili bila kupikwa, na watoto walikuwa wameanza kuulamba mkavu. Mke wake alimwendea bandani akamwambia, nitafutie kuni. Akatafuta. Miti ya karibu ilikuwa imekwisha kukatwa. Basi, mtu yuleyule aliyelala na panga alichagua safu moja, akatoa karoti zake, akazipanga chini kwenye sementi, akaziandikia namba kwa chaki, na masanduku akayapasua.

Alichagua kwa akili. Alichukua safu iliyotobolewa upande wa mtaa wetu, kwa sababu aliijua kuwa maskini: mita kwa mita za jiwe tupu, shaba kidogo mwishoni. Alijiambia hakuna atakayeiulizia. Mbao zilikuwa za mulombwa, mti unaowaka vizuri. Walikula bukari mwezi mzima.

Kisha bati moja likapeperuka, maji yakaingia, chaki ikafutika. Karoti za safu ya jirani, iliyokuwa tajiri, zilikuwa zimeporomoka na kuchanganyika na zile za chini. Baadaye yalipoletwa masanduku mapya, alizirudisha zote kwa macho, kwa ulimi na kwa kukumbuka. Mwenyewe alijua hakuzirudisha sawasawa. Kwa hiyo katika kila sanduku la safu ile alichora msalaba mwekundu, na katika daftari la banda akaandika kwamba misalaba inamaanisha mawe hayana hakika. Hakuandika kwa nini. Hapo ndipo uaminifu wake ulipoishia, na nadhani ndiyo maana miaka yote alipita safu ile haraka kuliko zingine.

Sasa niseme jambo la hisa, kwa sababu bila hilo mzee huyu angezeeka na siri yake bila kumdhuru mtu.

Kampuni mpya iliyochukua vilima vyetu ilikuwa ya watu wachache. Wakafika mahali wakataka pesa nyingi kuliko walizokuwa nazo. Njia ya kuzipata ni hii: kampuni inakatwa vipande vidogo vidogo, ambavyo ni hisa, na hisa zinauzwa kwa umma katika soko lililoko nchi za nje. Anayenunua anakuwa mwenye kampuni kwa kiasi cha kipande chake. Jambo lenyewe si baya. Lakini hakuna anayenunua kipande cha kitu asichokijua, kwa hiyo kabla ya kuuza kampuni inatakiwa kutoa kitabu kinachoeleza wazi ina shaba kiasi gani chini ya ardhi, na imejuaje. Ilijuaje? Kwa karoti. Kutoboa upya kungechukua miaka, na watu wale walikuwa na haraka. Vilima vyote walivyotaka kuviuza ng'ambo vilikuwa vimelala ndani ya banda la mtu mmoja anayelamba mawe, ambaye alivilinda kwa panga wakati wao hawakujua hata Kolwezi iko wapi.

Nilikuwepo asubuhi walipokuja. Nilikuwa nimerudi kutoka Tenke na mzee alikuwa ameniombea kibarua cha kushusha masanduku. Walikuja watatu: direkta wa hapa, mwanasheria wa kampuni, ambaye ni kijana wa Kinshasa mwenye tai, na mzungu mmoja mtulivu, mtaalamu aliyetumwa kuyakagua mawe na kuandika ripoti itakayoingia kwenye kitabu. Mtaalamu alizunguka safu bila kuambiwa. Mzee alimpenda papo hapo.

Mwanasheria alitoa karatasi. Ilisema kwamba mlinzi anathibitisha karoti zote zimetunzwa bila kuhamishwa wala kuchanganywa tangu zilipotolewa ardhini.

"Tata, ni formalité tu, mambo ya karatasi. Unasinya hapa, na hapa." Alionyesha kwa kalamu mahali pa kutia sahihi.

Mzee alivaa miwani, akasoma yote kwa sauti, polepole, kama anayesoma somo kanisani. Akavua miwani. "Ile haiko kweli."

"Nini haiko kweli?"

"Safu ya upande wa mutaa ilichanganyika. Muangalie misalaba. Daftari inasema."

"Daftari haisemi sababu gani ilichanganyika," mwanasheria alisema, na nikaona kwamba alikuwa amelisoma vizuri kabla ya kuja. "Pengine ni rangi tu. Pengine ni batoto balicheza."

"Hapana batoto. Ni miye. Nilipasua masanduku, nikapika nayo."

Direkta alicheka kidogo, akaja karibu, akamshika bega. "Tata, wakati ile kila mutu aliiba. Nani atakufunga leo? Sinya, tumalize. Nyumba unalala, ni ya nani?"

"Ya kampuni."

"Na kampuni inapenda bazee yake. Unaona?"

"Minaona," mzee alisema. Kisha akamgeukia mtaalamu moja kwa moja, akaanza kumweleza kwa Kiswahili na Kifaransa chake cha kazini: msimu wa mvua, unga, chaki, bati, safu tajiri na safu maskini, ni masanduku yapi, kuanzia mita ya ngapi. Alionyesha kwa kidole. Alilamba jiwe moja akampa mzungu alione. Alizungumza hadi jasho likamtoka. Alipomaliza, mwanasheria alimtafsiria mtaalamu kwa Kiingereza. Sijui Kiingereza, lakini najua kupima urefu wa maneno. Yalikuwa kama maneno sita. Mtaalamu akaitikia kwa kichwa kwa adabu, hakuandika kitu, akaenda kwenye safu nyingine.

Mzee alinitazama. "Yote nilisema imekwisha pale?"

Hadi leo nikilikumbuka swali lile damu inanichemka. Mtu alikuwa ametoa aibu ya maisha yake, aliyoificha hata kwa padri, akaiweka mezani mbele ya wageni, na kijana mwenye tai akaikunja kama karatasi ya mandazi.

Jioni ile mke wake alisema: "Ungesinya tu, baba. Ni miye njo niliomba kuni."

"Uliomba kuni," alimjibu. "Hukuomba masanduku."

Hakusinya. Karatasi ilisinywa hata hivyo. Walimpata karani wa ofisini, kijana mwenye mwandiko mzuri, wakampa cheo cha msimamizi wa banda, naye akathibitisha kwa mkono wake jinsi karoti zilivyotunzwa katika miaka ambayo yeye alikuwa bado ananyonya. Misalaba ilipakwa rangi ya kijivu. Kabla mwezi haujaisha mzee aliambiwa nyumba inahitajika kwa mfanyakazi, na baada ya miaka yote ile alitoka na godoro, sufuria na baiskeli. Mabati mazuri alikuwa amekwisha kuyapa mawe.

Siku ya kuuza hisa, wafanyakazi wa kampuni waligawiwa kofia na kukusanywa kwenye kantini kutazama televisheni. Huko ng'ambo wanaume waliovaa suti waligonga kengele na kupigiana makofi. Direkta alituambia sisi vibarua tuliosimama dirishani kwamba sasa kampuni ni ya umma. Umma gani? Nilimuuliza mhasibu mmoja niliyesoma naye kama mimi ningeweza kununua kipande kimoja, cha kilima nilichozaliwa chini yake. Akacheka hadi kofia ikamwanguka. Ilihitajika akaunti ya benki ya ng'ambo, wakala wa ng'ambo, na karatasi ambazo mtu wa Kolwezi hazioni hata ndotoni. Umma ulikuwa kila mtu duniani isipokuwa wanaolala juu ya shaba.

Kwa kuwa kitabu cha hisa lazima kiwe wazi, kilikuwa kwenye simu ya yeyote aliyejua kukitafuta. Kwa Kiingereza. Wakili wa kamati ya mtaa alitusomea baadaye. Kilisema safu ya upande wa mtaa ni tajiri, kwa zile karoti za jirani zilizochanganyika nayo. Kilisema pia eneo lililo juu yake "litaandaliwa." Eneo hilo ni nyumba zetu, kisima, na chapeli ya Waprotestanti. Wenye hisa walikuwa wameahidiwa mawe yaliyo chini yetu, na ahadi kwa mwenye hisa haicheleweshwi. Tulipewa fidia ambayo haikununua hata kiwanja pembeni ya mji, tingatinga likaja, na mimi mzururaji nikawa kwa mara ya kwanza sina nyumba ya kurudia.

Halafu walitoboa. Ninafurahi na ninaumia kuandika hili: hapakuwa na kitu. Jiwe tupu mita kwa mita, shaba kidogo mwishoni, kama mzee alivyosema kwa kidole chake. Kampuni ilitoa tangazo la ukurasa mmoja. Makadirio yamerekebishwa, lilisema, na uongozi unawaomba radhi wenye hisa. Wenye hisa! Mtu aliyepoteza bei ya kipande aliombwa radhi kwa maandishi. Mama wa mtaa wetu aliyepoteza jiko, ukuta na kaburi la mwanawe nyuma ya ukuta hakuandikiwa hata mstari.

Nilipanda lori hadi Mutshatsha kumpelekea mzee habari. Ilikuwa mchana, jua kali. Nilimkuta kwa ndugu za mkewe, anapalilia mihogo, amekonda, kofia ni nyingine. Nilimweleza yote nikiwa bado nimesimama mtaroni. Nilitarajia acheke. Kusema kweli nilikuwa nimesafiri tangu jana yake ili kumwona akicheka.

"Na batu ba mutaa?" aliuliza. "Balirudishwa?"

"Hapana, Tata. Uzio uko palepale. Banasema fasi yote ya mutaa ni ya kampuni sasa."

"Hata kama hakuna kitu chini?"

"Hata kama."

Aliweka jembe. Nikamweleza kwamba wakili wa kamati anataka kushtaki, lakini hana mtu wa kuthibitisha kwamba kampuni iliambiwa ukweli kabla ya kuandika kitabu chake. Karani hasemi, mtaalamu yuko mbali.

"Uko na karatasi?"

Tulikaa kivulini mwa nyumba. Niliandika kwa niaba yake, kwa Kiswahili, ili watu wa mtaa waisome kwanza na wakili aigeuze baadaye. Nilianza na mwanasheria, karatasi yake, na maneno ya direkta kuhusu nyumba. Niliandika kwa hasira na niliandika vizuri, naona. Akaichukua, akavaa miwani, akasoma kwa sauti hadi mwisho.

"Kuni ziko wapi?"

"Tata, kuni haziko lazima. Bakizisikia batasema wewe njo uliharibu. Batakupiga nazo."

"Sababu ya ile njo unaziweka mbele." Akanirudishia karatasi. "Ukificha moja yangu, wao bataficha kumi."

Kutoka jikoni mke wake akaita: "Na miye uniandike! Mi nilipika!"

"Yeye hapana," mzee aliniambia kwa sauti ya chini. "Andika miye."

Nilichukua karatasi safi. Niliandika kwamba masanduku ya safu ya upande wa mtaa aliyapasua yeye kwa mikono yake, kupikia watoto wake, na kwamba mawe aliyarudisha kwa kukumbuka tu. Nilipoweka nukta alininyang'anya kalamu. Akaandika jina lake lote, la kwake, la baba yake na la ubatizo, akatia sahihi hapohapo, chini ya sentensi hiyo moja, kabla sijaandika nyingine.

Akanirudishia kalamu.

"Yangu imekwisha," alisema. "Sasa andika ya kwao."